Punje Tatu Katika Mguu wa Octave

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Jumanne alipita mbele ya mlango wako pale Nyamianda, mwanamke mwenye kitenge cha buluu kilichopauka, bahasha kubwa ya kaki ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa, na wewe ghafla ukakumbuka kwamba mbuzi wako hajafungwa. Jumatano alipita tena. Safari hii uliinama kutafuta chini kitu ambacho hukukiangusha. Hakuja kukuomba chumvi. Alitaka umsalimie tu, ajue kwamba bado anaishi katika mji wa watu. Basi kama ulishindwa kumtazama, soma. Karatasi haina macho ya kukukodolea, wala hakuna askari anayehesabu nani amesoma.

Jina lake ni Émérance. Mtaani wanamwita Mama Rémy, kwa mtoto wake wa kwanza. Anauza ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaushwa. Mume wake ni Octave, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo bandarini Kalundu, na tangu mguu wake uharibike anashona nyavu za wenzake. Wewe mwenyewe umekula samaki waliovuliwa kwa nyavu zile.

Walimkamata Jumatatu ya juma hili, mwanzo wa mwaka huu wa sitini na tano. Waasi walikuwa wamekwisha kufukuzwa mjini, wamepanda milimani na wengine wameelekea Fizi, na jeshi la serikali lilikuwa linatafuta nani alibaki nyuma. Namna ya kutafuta ilikuwa hii. Askari waliweka mapipa mawili ya mafuta uwanjani, hatua thelathini kati yake, wakaamuru kila mwanamume wa mtaa atembee kutoka pipa hili hadi lile. Anayechechemea, upande wa kushoto. Hesabu yao ilikuwa fupi: anayechechemea aliumizwa, aliyeumizwa alipigana, na aliyepigana anangoja kupigana tena. Wabelgiji walitupima meno na vifua kabla ya kutupeleka kwenye mashamba ya pamba. Ndugu zetu wenyewe wakaja kutupima mwendo.

Octave alichechemea. Angefanya nini? Alijitahidi kunyoosha mguu, na kule kujitahidi kukazidisha ubaya. Waliochaguliwa walikuwa saba. Wakafungiwa katika ghala la zamani la pamba, na majina yao yakatumwa Bukavu. Kila Jumamosi, saa sita mchana, kamyo, lori la jeshi, hutoka pale. Watu kumi na wanane walikuwa wamekwisha kupanda kamyo ile, na hakuna mke hata mmoja aliyepata barua.

Mguu wenyewe una habari yake, na Émérance aliijua vizuri, maana Octave aliisimulia kwa kila mgeni aliyeketi kwake. Ilikuwa Juni ya mwaka wa sitini, juma lile la mwisho kabla ya uhuru. Wazungu walikuwa wanahama mbiombio. Bwana mmoja wa Kibelgiji, msimamizi wa barabara, aliamua kwamba Kongo tubaki nayo, lakini bafu lake la chuma ataondoka nalo. Wachukuzi kumi na wawili wakalibeba hadi gatini. Kamba ikateleza. Bafu likatua juu ya mguu wa kulia wa Octave, pale penye kidole gumba. Mbelgiji akaja mbio, akapiga magoti, na mkono wake ukapapasa chuma taratibu kutafuta ufa. Hakuuona, akamshukuru Mungu. Gati zima likacheka, na Octave, machozi yakimtoka, naye akacheka.

"Wengine uhuru uliwapa viti," alikuwa akisema. "Minye ulinikanyaga kidole."

Hospitali walimpiga picha ya radio, ile inayoonyesha mifupa. Daktari wa Kizungu alikuwa anafunga masanduku yake naye, akampa Octave picha ile aondoke nayo. Émérance akaihifadhi miaka yote hii katika bahasha ya kaki, nyuma ya sanamu ya Bikira ukutani. Hakujua ni ya nini. Alijua tu kwamba kitu cha hospitali hakitupwi.

Na waasi walipoingia, Mei ya mwaka jana? Octave hakuwapenda wala hakuwakimbia. Walipokuja kuchukua vijana, walimkimbiza naye uwanjani wamwone. Mkubwa wao akatema mate. Wapiganaji walikuwa wakinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zigeuke maji, na maji yale yalikuwa na miiko mingi: usiguse mwanamke, usiangalie nyuma, usikimbie upande upande. "Weye na muguu ile utatuvunjia maji," mkubwa yule akamwambia. "Rudi kwa nyavu zako." Kwa hiyo waasi walimkataa kwa sababu anachechemea, na serikali ikamkamata kwa sababu hiyo hiyo. Kama hapo damu haijakuchemka, endelea kusoma.

Jumanne asubuhi Émérance aliiteremsha bahasha ukutani. Aliona mambo ni rahisi. Picha inaonyesha mguu uliovunjwa na chuma, si na vita. Ataionyesha, wataona, Octave atarudi kula mchana.

Aliyekuwa na amri pale ghalani alikuwa ajida mmoja, ofisa mdogo wa jeshi, anayeitwa Thaddée, mtu wa mbali, wa upande wa mto Kongo, ambaye Kiswahili alikiokota kambini. Pembeni yake aliketi karani, Déogratias, mtoto wa hapa hapa Rugenge. Ajida aliitoa picha, akaiinua mbele ya dirisha. Mwanga ukapita katikati ya mifupa ya Octave.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka ncha ya kalamu chini ya kidole gumba.

"Hii nini?"

Émérance akasogea. Hakuwahi kuitazama picha ile kwa makini. Chini ya mfupa mnene wa kidole, pale unyayo unapokanyaga, kulikuwa na vitu vyeupe, mviringo, kama punje. Kimoja kikubwa, na viwili vidogo vilivyokaa karibu karibu.

"Ni muguu ya bwana yangu, ajida."

"Ninajua ni muguu. Hii. Moja, mbili, tatu. Risasi."

"Ni mifupa!"

"Mama, mifupa inashikana. Huu unashika huu, huu unashika huu. Sasa hizi zinashika nini? Zinaelea. Muntu gani iko na mufupa wa kuelea?" Aligeukia askari waliokuwa mlangoni. "Polisi walipiga waasi na bunduki ya kuwindia, siku walipoingia. Inatoa chembe sawa hizi."

Émérance akaweka mkono juu ya meza. "Basi leteni muguu wenyewe! Mugeuze chini muangalie. Risasi iliingia wapi? Kovu liko wapi?"

Ajida alitabasamu kama mwalimu aliyekuwa anangoja swali lile. "Unanifanya mujinga. Ninyi si munaogeshwa maji? Muntu ya maji, risasi inamuingia sawa jiwe katika ziwa. Maji yanajifunga. Weye ulishaona kovu juu ya ziwa?"

Déogratias aliacha kuandika.

Soma tena maneno yale. Serikali ilitangaza kila siku kwamba maji ya waasi ni uwongo, upuuzi wa washenzi, na ofisa wake sasa anamhukumu mtu kwa sababu maji yale ni kweli! Askari wale hawakusadiki misa kama walivyosadiki dawa ya adui. Walikuwa wameona vitani watu wanawajia hawaogopi, wakakimbia, na hofu ile waliileta hadi kwenye meza ya ghala la pamba.

"Andika," ajida akamwambia karani. "Octave, wa Nyamianda. Risasi tatu muguuni. Muke wake mwenyewe ameleta ushuhuda."

Picha walimrudishia, lakini hilo la mwisho ndilo lililomfuata Émérance njiani. Yeye mwenyewe. Kwa mikono yake. Alitembea hadi ziwani, akasimama ndani ya maji na viatu vyake, na bahasha ameishika juu isilowe, maana hata sasa hakuweza kuitupa.

Jumatano alikwenda kwa Sévère, mwuguzi aliyekuwa hospitali tangu wakati wa Wazungu. Sévère alimvuta nyuma ya ukuta wa kufulia mashuka, akaitazama picha mara moja tu.

"Mama Rémy, hizi ni mifupa. Kila muntu iko nazo. Wanaziita sezamoide, sababu zinafanana na punje ya ufuta. Zinakaa ndani ya kano, hapa chini ya kidole. Huyu moja yake ilipasuka, ndiyo maana unaona tatu."

Émérance alimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Asante, ndugu yangu! Twende basi ukawaambie."

Sévère akautoa mkono polepole. "Apana."

"Dakika moja tu."

"Waasi walikaa hapa miezi mitano. Nani alifunga vidonda vyao? Minye. Walinisimamia na mikuki, ningefanya nini? Sasa nikifungua munywa juu ya muguu moja, wataniuliza juu ya miguu mia." Macho yake yalikuwa mekundu. "Na usiseme ni minye nimekuambia. Tafadhali, dada yangu. Niko na watoto."

Hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa hamsini na tisa, kuhara damu kulipoingia mtaani, alilala siku tisa sakafuni kati ya wagonjwa. Lakini siku tisa za zamani hazimfungulii mtu ghala la pamba leo. Émérance hakumtukana. Alikunja bahasha chini ya kwapa, akaenda Rugenge kwa Mama Léocadie.

Mama Léocadie unamjua, na kama humjui, mfupa wako haujavunjika. Hajui kusoma. Anaunga mikono, miguu na mabega kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto na kwa vidole gumba viwili vipana kama vijiko. Alisikiliza habari yote bila kuacha kuchambua mchicha. Mwishoni alifuta mikono.

"Vua kiatu, mutoto yangu."

Akauweka mguu wa Émérance juu ya paja lake, akabonyeza chini ya kidole gumba, kisha akakipinda kidole juu, chini, juu. "Unasikia?"

Émérance alisikia. Kitu kigumu, kidogo, kiliteleza chini ya gumba la Léocadie, kikaenda na kurudi kila kidole kilipopindwa. Na pembeni yake kingine.

"Hata minye!"

"Hata weye. Hata askofu. Sasa shika hapa," akamwekea mkono kwenye goti, juu ya pia. "Huu nao ni mufupa gani? Unashika nini? Haushiki kitu. Unakaa ndani ya kano sawa mutoto ndani ya mbeleko. Kano ni kamba, na kamba ikipita juu ya kona inasagika, inakatika. Mungu akatia kamfupa ndani yake pale penye kona, kamba ipite bila kusagika. Kwenye goti akatia kakubwa. Kwenye kidole akatia tupunje. Risasi haina kazi, inalala tu pale ilipoangukia. Punje iko na kazi. Inatembea na kidole."

"Nani alikufundisha, mama?"

"Ng'ombe. Mwanamke akizaa kwetu, si tunamchemshia miguu ya ng'ombe wa Bijombo, kule milimani, hadi usiku uchoke? Nyama inaisha, kano zinayeyuka, tunabaki na tufupa chini ya chungu. Mama yangu alinipa nitupange. Nilijua kila kamoja kanarudi wapi kabla sijajua kusali." Alisimama, mgongo ukalia. "Kesho nina mukono wa muntu wa kufungua. Tutaenda Ijumaa."

Ijumaa asubuhi walisimama wawili mbele ya meza. Ajida Thaddée aliwatazama kwa uchovu.

"Huyu ni nani?"

"Léocadie, wa Rugenge. Niliunga mukono wa karani yako akiwa na miaka tisa. Muulize kama mukono umekaa vibaya."

Déogratias, bila kuinua uso, akakunja mkono na kuukunjua.

"Unataka nini, mama?"

"Vua buti, mwanangu."

Ajida akainua kichwa. "Nini?"

"Buti. Ya kuume. Sitakula kidole yako."

Askari wa mlangoni waliangua kicheko. "Ajida, mama atazimia!" mmoja akapiga kelele. "Tufungue dirisha kwanza!"

Ajida alipiga meza. "Minye ni ofisa! Sivui buti mbele ya wanawake!"

"Basi utaua muntu sababu ya buti," Léocadie akasema, na hakupandisha sauti. "Utakapoulizwa mbinguni, sema hivyo: ilikuwa na kamba nyingi, sikupata nafasi ya kuifungua."

Émérance aliziba macho. Alijua sasa watapigwa. Badala yake akasikia kiti kikiburutwa. Déogratias alikuwa ameinama, anafungua kiatu chake. Soksi yake ilikuwa na tundu, kidole gumba kimechungulia nje.

"Hata soksi inataka kusema ukweli," askari yule yule akasema.

Karani aliweka mguu juu ya kiti, Léocadie akamwongoza mkono. "Hapa. Bonyeza. Kunja kidole. Inakwenda?"

"Inakwenda," Déogratias akasema. "Ajida, iko. Iko mbili."

Hapo nidhamu ikaisha. Koplo mmoja aliketi chini palepale akavuta buti, kisha wa pili, kisha watatu kwa pamoja, na ghala la pamba likajaa harufu ambayo Octave na wenzake, nyuma ya ukuta wa mbao, waliihisi bila kujua inatoka wapi.

"Minye pia iko nazo! Na sikupigwa risasi hata siku moja!"

"Ulikuwa unakimbia mbele yake, ingekufikia namna gani?"

"Nyamaza weye, mwenye kucha za mamba!"

Katikati ya kelele zile Émérance ndiye aliyeona. Ajida alikuwa amekaa nyuma ya meza, mabega ameyainamisha, anashughulika na kitu kisichoonekana. Alikuwa kijana. Miaka ishirini na sita, pengine ishirini na saba. Mkono wake ulikuwa chini ya meza kwa muda mrefu, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyeingia chumbani mwake akamkuta mgeni.

Léocadie akazunguka meza bila kuomba ruhusa. Mguu wa ajida ulikuwa umejaa malengelenge.

"Buti hii ni ndogo kwako, mwanangu. Inakubana punje."

"Walitupa sote buti za namba ile ile moja," ajida akasema polepole.

Kisha akajikumbuka, akaichukua picha. "Lakini minye ni mbili. Karani mbili. Wote mbili. Huyu tatu."

Léocadie hakuwahi kushika picha ya radio maishani mwake. Aliinyoosha mbele ya mwanga kwa mkono mmoja. "Tazama hizi ndogo. Hii ukingo wake umeingia ndani, hii ukingo wake umetoka nje. Zisogeze pamoja."

Déogratias akaweka karatasi nyembamba juu ya picha, akafuata mistari kwa kalamu, akakata vile vipande viwili kwa wembe, akavisogeza mezani. Vikaoana kama nusu mbili za haragwe lililopasuka. Vilipounganishwa vilitoa punje moja, sawa na ile kubwa ya pembeni.

"Ni mufupa," ajida akasema.

Émérance alishuka sakafuni. Hakulia. Alikaa tu pale, mikono juu ya saruji.

"Usishukuru bado, mama." Ajida hakuwa anamtazama. "Mufupa ulivunjika. Nani aliuvunja? Siku gani?"

"Bafu! Bafu la Mbelgiji, bandarini, Juni ya mwaka wa sitini."

Askari wakacheka tena, lakini ajida hakucheka. Aliigeuza bahasha. Haikuwa na tarehe wala muhuri. Daktari yule alikuwa na haraka. "Jina lake lilishafika Bukavu. Nikimtoa bila karatasi, Jumamosi ijayo minye ndiye nitapanda kamyo. Nileteeni wanaume watatu walioona. Majina, mutaa, dole gumba chini. Kabla ya saa sita kesho. Hapo nitamfungulia mulango minye mwenyewe."

Déogratias akaandika tamko lile kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, akapiga mistari mitatu mitupu chini yake.

Watatu! Émérance alitoka nje karibu anakimbia. Walikuwa kumi na wawili waliobeba! Wanne wamekufa katika vita hii, wawili walivuka kwenda Burundi. Mmoja, Nduwimana, analima bondeni Ruzizi, ng'ambo ya kizuizi cha askari ambacho Émérance hangeweza kukipita. Mmoja ni Octave mwenyewe. Waliobaki mjini ni wanne.

Wa kwanza alikuwa Basile, fundi wa bati, pale pale Nyamianda.

"Bafu?" Basile akasema, nyundo mkononi. "Siku ile nilikuwa Usumbura."

"Basile. Ulikula kwangu jioni ile. Ulisema bafu lilikuwa zito kuliko Mbelgiji pamoja na muke wake."

Basile akatazama barabara, upande huu, upande ule. "Shemeji, nitaacha watoto sita. Jina langu likiingia kwenye karatasi yao, halitoki tena. Leo ni shahidi, kesho ni rafiki wa muasi." Akaanza kupiga bati kwa nguvu sana, bati ambalo lilikuwa limekwisha kunyooka.

Kwa wa pili, mkewe alisema bwana amekwenda shamba. Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Wa tatu alimsikiliza hadi mwisho, akamletea bakuli la unga, akamwomba asirudi tena.

Wa nne ni Ildephonse, ambaye sasa ni mzee na mikono yake hutetemeka hata akishika kikombe. "Nilikuwa upande wa kushoto wa kamba," akasema. "Ni kwangu ilipoteleza. Miaka mitano ninamuona Octave akipita na ule muguu." Alivaa koti, akaenda ghalani kwa miguu yake, Émérance amemshika kiwiko. Dole lake lilitetemeka, alama ikatoka pana, imefifia pembeni, lakini ajida akaikubali.

Léocadie akanyoosha dole lake naye. "Ulikuwapo, mama?" ajida akauliza. "Sikuwapo," akasema, na akalirudisha. Hakutaka kuweka uwongo kwenye karatasi ambayo ukweli wake ndio pekee waliokuwa nao.

Walimruhusu Émérance kuongea na mume wake katika mwanya wa mbao. Alimweleza yote: punje, buti, haragwe, mistari miwili iliyobaki.

"Kwa hiyo ajida naye iko nazo?" Octave aliuliza.

"Iko nazo."

"Maskini." Akasogeza mdomo kwenye mwanya. "Waambie kama watu hawapatikani, wamwandikie Mbelgiji alete bafu lenyewe litoe ushuhuda." Alijaribu kucheka. Halafu akapitisha vidole viwili katika mwanya, na Émérance akavishika. Hakuviachia hadi askari alipokuja.

Sasa ni Jumamosi, saa tatu ya asubuhi. Kamyo imekwisha kutiwa mafuta. Émérance ameketi mbele ya ghala, tamko lipo mezani kwa Déogratias, mstari mmoja umejaa na miwili ni mitupu. Ajida amepitisha macho barabarani mara mbili tangu alfajiri. Hata yeye anangoja. Hata yeye!

Na sikiliza jambo moja ambalo Émérance, kwa uchungu wake, hakuligundua. Ajida hakusema wanaume watatu waliobeba. Alisema watatu walioona. Nani hakuona? Gati zima lilicheka siku ile. Wauza samaki walisimama, wavuvi walisimama, makarani walitoka biroo wakashika matumbo yao. Habari ya Mbelgiji aliyepapasa bafu wakati mtu anavuja damu umeisimulia kwenye pombe mara ngapi? Umeisimulia vizuri, na sauti ya Mbelgiji umeiigiza. Kwenye pombe ulikuwapo. Leo hukuwapo?

Una watoto, Octave ana watoto. Unaogopa, Ildephonse naye anaogopa, mikono yake haishiki kikombe, na alikwenda. Wanahitajika wawili tu. Usimngoje Basile atangulie, maana Basile yuko nyuma ya bati lake anakungoja wewe. Weka chini hicho ulichoshika. Toka nje, ufuate barabara ya ghala la pamba, kweupe hivi, watu wakikuona. Mwambie karani jina lako na mtaa wako, useme uliona bafu likianguka, na utie dole lako kwenye mstari wa pili. Nenda sasa, saa sita haijafika.